Mteja alitaka samaki wawe "cured": neno moja la Kizungu lilivyotaka kutuozeshea oda ya ng'onda Likoni

Asalam aleikum wakuu, na kwa wasiotumia salamu hiyo, habari za mchana.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwetu mtaa wa Shika Adabu, huku Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Sitii chumvi, ingawa chumvi ndiyo kazi yetu. Anayedhani natunga aje awaulize majirani. Wao walishuhudia kwa pua kabla hawajashuhudia kwa macho.

Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuchangia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Nina furaha mpaka vidole havitulii, mkiona herufi zimerukana mnisamehe.

Kwanza mtujue.

Mimi naitwa Mishi. Mimi na mama yangu tunauza ng'onda. Kwa ndugu zangu wa bara, ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatolewa matumbo, akatiwa chumvi ya kutosha, kisha akaanikwa juani mpaka akauke kabisa. Hapo anakaa muda mrefu bila kuoza.

Mama ameifanya kazi hii tangu sijazaliwa. Nilipomaliza skuli nikajiunga naye. Yeye ana kisu, mimi nina simu. Napiga picha, naweka mtandaoni, napokea oda.

Mtu wa tatu ni mume wangu. Kwao ni Machakos. Alikuja Mombasa kutafuta kazi ya ujenzi, akanipata na mimi. Saiti wanamwita Mutua, nyumbani tangu asilimu tunamwita Idrisi. Siku hizi ni msimamizi wa mafundi kwenye nyumba mpya zinazojengwa Miritini, na tunaishi uani kwa mama.

Yeye na mama wanaheshimiana, lakini ni ile heshima ya mkwe. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, katikati kimya. Juu ya samaki hakuwahi kutia neno hata moja. Akirudi kazini hupita kando ya chanja zetu, yaani zile fito za kuanikia, taratibu kama mtu anayepita mbele ya watu wanaoswali.

Haya. Mwezi uliopita nikaweka picha za nguru wetu mtandaoni. Akanitafuta mama mmoja anayeitwa Madam Akoth. Ana mkahawa Miritini, karibu na steshini ya treni. Abiria wanaorudi Nairobi humwuliza kila siku kama ana kitu cha pwani cha kubebea watu nyumbani. Akaona ng'onda ndiyo jibu.

Meseji yake ilikuwa hivi, naiandika kama ilivyokuwa:

"Dear, I will take all the kingfish you can make by Friday next week. But it MUST be properly cured. If it is not cured I can't take it."

Wakuu, mimi nilisoma mpaka pale kwenye "all the kingfish", yaani nguru wote tutakaoweza kumwandalia. Nikajibu "sawa madam" upesi upesi kabla hajabadili nia.

Kisha ndipo nikasoma ile sehemu nyingine.

Cured.

Neno hilo nililisoma skuli. Daktari anam-cure mgonjwa. Ni kuponya. Sasa samaki aliyekwisha kufa, akapasuliwa, akatiwa chumvi, anaponywaje?

Nikaenda kwa mama. Alikuwa kwenye kibao chake cha kupasulia.

"Mama, tumepata oda kubwa."

"Alhamdulillahi. Ya nani?"

"Ya mama mmoja wa Miritini. Ila anataka samaki wawe wameponywa."

Mama akaweka kisu chini. "Wameponywa na nini?"

"Sijui. Ndivyo alivyoandika. Asema wasipoponywa hachukui."

"Kwani amesikia kwa nani kwamba samaki wangu wagonjwa?"

Nikajaribu kumweleza kwamba huenda ni namna tu ya kusema. Hakutaka kusikia. Akili yake ilikwishakwenda kwa wauzaji wenzake kule sokoni, anawapitia mmoja mmoja atambue ni nani aliyemsengenya.

Mimi nami nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Labda huyu madam anataka dawa ya kuzuia wadudu. Labda anataka samaki wapimwe. Nikaenda duka la dawa. Dada aliyekuwa kaunta nikamwuliza kama kuna dawa ya kuponya samaki.

Akaniuliza, "Ni wa kufuga?"

"La, ni wa kula."

"Ana dalili gani?"

"Hana dalili, amekwisha kauka."

Yule dada aliniangalia kwa huruma, akaniambia pole. Nadhani alielewa kwamba nimefiwa. Nikarudi nyumbani.

Mtasema kwa nini sikumpigia mteja nikamwuliza. Ni swali zuri. Niliona haya. Nilikwisha mwambia sawa, na yeye aliandika kama jambo ambalo kila mtu wa samaki analijua. Nikaogopa ataniona sijui kazi, atafute mwingine.

Idrisi akarudi karibu na magharibi. Nikampa simu asome. Wakuu, sijawahi kumwona mume wangu akitabasamu vile tangu siku ya nikaha.

"Hiyo si ni neno yetu ya site," akasema. "Curing. Mimi ndio nafanyanga hiyo kazi kila siku."

Akaketi, akatueleza, mimi na mama. Mkishamwaga slab ya zege, hamuiachi ikauke na jua. Ikikauka haraka inapasuka na haiwi na nguvu. Kwa hivyo mnaifunika na magunia, mnamwaga maji asubuhi na jioni, magunia yasikauke. Mnaitunza hivyo mpaka ikomae. Kazi hiyo ndiyo inaitwa curing.

"Na hii samaki ya mama," akasema, "si kuna zingine zinapasukanga hapa kwa kando jua ikiwa kali?"

Ni kweli. Jua likizidi, samaki hukauka juu haraka na kingo zikapasuka. Mama mwenyewe hulalamikia hilo.

Nikamtazama mama. Mama akamtazama Idrisi. Nilingoja aseme hapana.

Akasema, "Basi tufanye hivyo, mkwe wangu, ikiwa ndivyo mteja atakavyo."

Idrisi alifurahi, nyie. Kesho yake akaja na magunia kutoka saiti, safi kabisa, yametosha chanja moja. Samaki walikuwa wameshatiwa chumvi na wameanza kukauka vizuri. Tukafunika chanja ile moja. Ya pili ikabaki wazi kwa sababu magunia yaliisha.

Asubuhi kabla hajaenda kazini alikuwa anatangulia uani na ndoo. Anamwaga maji polepole, anapapasa magunia kuona kama yamelowa pande zote. Jioni anarudia. Siku moja nikamkuta mama amesimama karibu naye, amemshikia ndoo. Wamesimama pamoja. Mimi nikaona hata oda ikiharibika, hili nimelipata.

Oda ikaharibika.

Ilianza kwa nzi. Kisha paka wa mtaa mzima wakaanza kukaa juu ya ukuta wetu wakitazama ndani. Kisha jirani yetu Bi Rehema akaita kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Mishi!"

"Abee!"

"Huko kwenu kuna salama?"

"Salama, Bi Rehema."

"Mna hakika? Hebu jihesabuni kama mko wote."

Nikaenda nikainua gunia. Sitawaeleza nilichokiona, wengine mnasoma huku mnakula. Ile chumvi yote ilikwisha oshwa na maji, samaki wamelainika kama waliovuliwa wiki iliyopita wakasahauliwa. Na walikuwa wakitembea, mnanielewa.

Mama hakumgombeza mtu. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, tukazika chanja nzima ya nguru. Nilikuwa nalia. Yeye akasawazisha udongo, akaniambia jambo hili.

"Mikono yangu ilikataa tangu siku ya kwanza, Mishi. Lakini mtoto wa watu amekaa kwangu miaka yote hii hajaniambia neno juu ya kazi yangu. Siku aliyofungua mdomo, nimwambie hapana?"

Hapo haya zikanitoka. Nikachukua simu nikampigia Madam Akoth. Nikamwambia kila kitu. Magunia, ndoo, paka, yote.

Alicheka. Alicheka mpaka nikasikia mtu wa jikoni kwake akimwuliza kuna nini. Kisha akaacha, akaniuliza kwa upole, "Sasa wewe huwa unafanyia samaki nini, Mishi?"

"Nampasua. Namtia chumvi. Namwanika mpaka akauke."

"Si hiyo ndio kucure?"

Wakuu, nilikaa chini pale pale uani.

Yaani lile jambo alilolitaka ndilo tulilokuwa tukilifanya siku zote. Tulikuwa nalo mkononi. Kwa samaki na nyama, cured ni aliyehifadhiwa kwa chumvi au kwa moshi, akaondolewa maji asioze. Alisisitiza tu kwa sababu abiria wake wanapanda treni, na samaki asiyekauka sawasawa akianza kutoa maji ndani ya begi la mtu, behewa zima litamlaani yeye na mkahawa wake.

Naomba nisimame hapa kidogo. Mwenye haraka aruke, lakini atakosa utamu.

Baada ya simu ile niliingia mtandaoni nikalisoma neno hili kila mahali lilipo. Wallahi nilisisimka. Mgonjwa akipona, amekuwa cured. Samaki akitiwa chumvi, cured. Zege likinyweshwa maji, cured. Tumbaku ikianikwa mpaka ibadilike rangi, cured. Ngozi ya ng'ombe ikitiwa chumvi isioze, cured. Nikakumbuka hata saluni ninakotengeneza kucha, yule dada akishapaka ile jeli huniambia "weka mkono kwa taa tucure". Nilikuwa nimelisikia kila mwezi na sikuwahi kuliuliza.

Hebu fikirini. Kwa Idrisi neno hilo lamaanisha usiache maji yatoke. Kwa mama lamaanisha usiache maji yabaki. Neno ni moja, kazi zapingana uso kwa uso.

Nikazidi kuchimba. Kumbe mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kutunza, kushughulikia kitu. Hapo ndipo kila kitu kikakaa mahali pake. Mgonjwa anatunzwa. Slab inatunzwa. Samaki anatunzwa. Kila kimoja kina utunzaji wake, na ukimpa mmoja utunzaji wa mwingine unamuua. Au kwa upande wetu, unamfufua akaanza kutembea.

Turudi.

Idrisi aliporudi jioni nilimpokea langoni nikamweleza. Akaenda mpaka mlangoni kwa mama, akavua viatu, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nisamehe. Nilidhani naleta kitu."

Mama akamtazama. "Umeleta magunia, baba. Magunia ni mazuri. Tutayafua."

Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha mama mwenyewe akaanza, mtandio mdomoni, mabega yakitikisika, na Idrisi akaangua kicheko akaketi kizingitini. Walicheka wale watu wawili kana kwamba walikuwa wakiweka akiba miaka yote.

Lakini Ijumaa ilikuwa inakaribia, nusu ya oda iko chini ya udongo, na mvua zilikuwa zimeanza zile za ghafla. Hii ndiyo shida ya kazi yetu ambayo hatukuwahi kuishinda. Mvua ikinyesha tunakimbia kuingiza samaki ndani, jua likitoka tunawarudisha. Samaki wakilala ndani mara nyingi wanaingia ukungu.

Mama akaniambia, "Mwambie huyo madam tutampa nusu."

Idrisi akauliza, "Mama, samaki inataka nini hasa? Niambie tu kama fundi."

Mama akafikiri. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. "Wataka jua na upepo," akasema. "Upepo kuliko jua. Na wasiguse unyevu wa chini."

Idrisi akaomba ruhusa kazini. Bosi wake akampa vipande vya mbao vilivyobaki na nailoni zile kubwa zinazoonyesha, ambazo zilikuja zimefunika madirisha. Akaja navyo kwenye tuktuk, akaanza kupima uani.

Alitengeneza chanja ya juu, yenye miguu ya kufika kiunoni. Badala ya fito akatandika wavu wa waya ili upepo upite chini. Juu akaweka paa la nailoni lenye mteremko, ubavuni akaacha wazi. Mama alikaa kwenye kibao chake anapasua nguru wapya tuliowafuata alfajiri dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na huku anamwelekeza.

"Geuza upande ule, upepo watoka huku."

"Hivi?"

"Zaidi. Hapo. Usiondoke hapo."

Nilizoea kuwa mkalimani kati ya wawili hawa. Siku hiyo hakuna aliyenihitaji. Nikabaki kusugua chumvi na kusikiliza nyundo.

Mvua ilikuja mchana wa pili, ile inayoanguka bila kunguruma. Mimi na mama tukachomoka kama kawaida, beseni mikononi, tukafika kwenye chanja, tukasimama. Hakuna cha kuingiza. Maji yanateleza juu ya nailoni, samaki chini wamelala wakavu, upepo unawapitia.

Mama akaingia chini ya lile paa, akasimama pale katikati ya samaki wake. Aliinua uso akitazama matone yakikimbia juu ya nailoni. Nikamwita aingie ndani asilowe. Akaniambia, "Silowi. Huoni?"

Ijumaa tukavuka feri watu watatu na maboksi. Mama alivaa buibui lake la harusini. Nilimwambia tunapeleka samaki, akasema nijishughulishe na yangu.

Madam Akoth ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Alimpa mama shikamoo na mikono miwili, akatukalisha, akaita chai. Kisha akafungua boksi. Akatoa nguru mmoja, akamkunja. Akambonyeza kwa dole gumba pale penye nyama nene karibu na mfupa. Akamnusa.

Idrisi alikuwa amesimama mikono nyuma. Baadaye aliniambia hata injinia akija kukagua slab yake moyo haumpigi vile.

"Mama," akasema Madam Akoth, "hii umecure poa sana."

Mama akajibu kwa utulivu wake wote, "Nimetia chumvi nikaanika, mwanangu. Hilo jingine ni la kwenu."

Madam alicheka tena kile kicheko cha kwenye simu. Akapeleka mmoja jikoni, akarowekwa kutoa chumvi, akakaangwa na kitunguu na nyanya, akamaliziwa kwa tui. Abiria waliokuwa wakingoja treni wakaanza kugeuza shingo. Mzee mmoja mwenye sanduku akauliza kinachonukia hivyo ni nini, na kabla hatujamaliza chai boksi la kwanza lilikuwa limefunguliwa anauziwa yeye na mwenzake.

Madam akatuambia tumletee kila wiki. Kila wiki, wakuu. Idrisi akatoa tepu yake mfukoni na kumwuliza mama kama ule upande wa jikoni kwetu unapata upepo.

Sasa nilichojifunza.

Maana ya neno iko kwa aliyelisema. Mimi nilikwenda skuli na duka la dawa. Mama alikwenda kwa maadui zake wa sokoni. Idrisi alikwenda saiti. Kila mmoja wetu alilivuta neno la mtu kwenye kazi yake au kwenye hofu yake, na mwenye neno alikuwa na simu mkononi, angetueleza kabla chai haijapoa. Kuuliza hakukufanyi uonekane hujui kazi. Kuzika chanja nzima ya nguru ndiko kunakokufanya uonekane hujui kazi.

La pili ni la nyumbani. Ikiwa una mtu kwako amenyamaza miaka, usimhukumu kwa neno la kwanza atakalosema, hata likileta paka. Mwache aseme na la pili.

Nimemaliza. Sasa nataka kusikia kwenu. Kazini kwako neno hili linafanya nini? Kuna fundi wa tairi humu, wa ngozi, wa kucha, daktari? Na kama uliwahi kuponzwa na neno la Kizungu, mwaga hapa bila haya, sisi tumeshatangulia.

Andikeni kwa Kiswahili tafadhali. Mama amekaa hapa kando yangu, kila simu ikilia ananiuliza mmesema nini.